Bomba likizikwa halijapumzika



Juma hili nataka tuzungumze habari ya kitu ambacho wengi tunakitegemea lakini hatukioni, nacho ni bomba la maji la chuma lililofukiwa ardhini. Kwa kawaida tunalikumbuka siku linapopasuka. Siku hiyo maneno huwa mengi. Mmoja atasema chuma kilikuwa hafifu, mwingine atasema fedha zimeliwa, na wa tatu atamsingizia jirani mwenye jembe. Huenda mmoja wao amesema kweli. Lakini mara nyingi bomba hupasuka kwa sababu ya nguvu ambazo hakuna aliyezihesabu siku lile lilipozikwa.

Ninapolisema hili ninayo akilini milima ya Mbinga, hasa Mkumbi na vijiji vingine vya Umatengo, mpaka kule chini kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Nchi ile imejaaliwa vijito na chemchemi. Ukikinga maji mlimani na kuyaelekeza kwenye bomba, yanashuka yenyewe bila dizeli wala umeme. Haya ndiyo tunayoyaita maji ya mserereko. Ni neema kubwa. Lakini mlima unaotupa msukumo wa bure ndio huo huo unaolitwisha bomba mzigo.

Hebu tuanze na hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Chukua nguzo ya maji yenye unene wa sentimeta moja kwa sentimeta moja, na urefu wa meta 10. Nguzo hiyo ni lita moja ya maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Basi kila unaposhuka meta 10 kutoka usawa wa maji yaliyo tangini, maji yaliyotulia ndani ya bomba yanaongeza msukumo wa kilo moja juu ya kila sentimeta ya mraba. Ukishuka meta 100 ni kilo 10. Ukishuka meta 200 ni kilo 20. Urefu wa bomba haubadilishi kitu hapa. Kinachohesabiwa ni kimo.

Sasa tazama nchi yenyewe. Ziwa Nyasa liko karibu meta 475 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Umatengo inapita meta 1,500, na mingine inakaribia 2,000. Mtu akitandika bomba moja kutoka meta 1,500 mpaka ufukweni bila kulikata mahali popote, maji yakisimama, msukumo kule chini utapita kilo 100 kwa kila sentimeta ya mraba. Hakuna koki ya kijijini itakayostahimili hivyo. Ndiyo maana njiani hujengwa matangi madogo ya kukata msukumo. Maji yanaingia tangini, yanakutana na hewa, yanaanza safari upya kama vile yametoka kwenye chanzo. Ukiliona tangi kama hilo katikati ya shamba la kahawa, usidhani ni mapambo, na usikubali mtu alipite pembeni kwa bomba lake ili apate maji yenye nguvu zaidi. Akifanya hivyo amewaunganisha walio chini na mlima mzima.

Lakini kuna mahali tangi halisaidii. Bomba linapolazimika kushuka bonde refu na kupanda upande wa pili, ukikata msukumo bondeni maji hayatapanda tena. Mabomba ya plastiki ya kawaida vijijini, hata yale mazito, hutengenezwa kwa kilo 10 au 16. Bonde likiwa na kina cha meta 200 hayafai. Hapo ndipo tunapolihitaji bomba la chuma.

Wahandisi wana neno lao: mkazo. Mkazo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo linaloibeba. Mama akijitwisha ndoo ya lita 20 juu ya kata nzuri ya kanga, anatembea. Ndoo ile ile ukiiweka juu ya kijiti kilicholala kichwani pake, hafiki mbali. Kilo hazikubadilika, kilichobadilika ni eneo. Chuma nacho hivyo hivyo. Hakiulizi mzigo ni kilo ngapi tu, kinauliza ni kilo ngapi kwa kila sentimeta ya mraba ya mwili wake.

Maji yaliyomo ndani ya bomba yanataka kulitanua kila upande, na ukuta wa chuma unavutwa kama pete inayolazimishwa kwenye kidole kinene. Kanuni yake ni fupi: zidisha msukumo kwa kipenyo, kisha gawanya kwa unene wa ukuta mara mbili. Tuchukue bomba la kipenyo cha sentimeta 10, ukuta wa milimeta 4.5, na msukumo wa kilo 20. Jibu ni kama kilo 222 kwa sentimeta ya mraba. Chuma cha kawaida huanza kulegea na kuharibika umbo kikifika kama kilo 2,400. Mwongozo wa chama cha huduma za maji cha Marekani, ambao hutumiwa sana duniani, hutaka kazi ya kila siku isivuke nusu ya kiwango hicho. Kwa hiyo bomba letu liko salama, tena mbali sana.

Msije mkafurahi mapema. Kipenyo kikikua, mkazo nao unakua. Bomba jipya la Ruvu Chini, linalopeleka maji Dar es Salaam, lina kipenyo cha meta 1.8 na urefu wa karibu kilometa 56. Lau bomba pana kiasi hicho lingepewa ukuta ule ule wa milimeta 4.5 na msukumo ule ule wa kilo 20, mkazo ungekuwa kilo 4,000. Lingechanika kama karatasi. Basi anayesema "bomba ni bomba, chuma ni chuma" hajasema kitu mpaka ataje kipenyo, unene na kimo.

Hayo ni maji yaliyotulia. Maji yanayokwenda yana tabia nyingine. Mwaka 1898 mwanasayansi wa Kirusi Nikolai Zhukovsky alieleza, baada ya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow, nini hutokea mtu anapofunga valvu ghafla. Maji yaliyokuwa yakikimbia hayana pa kwenda. Yanajibana, na mshindo unarudi nyuma ndani ya bomba kwa kasi ya zaidi ya kilometa moja kwa sekunde. Tuuite pigo la maji. Katika bomba la chuma, kila meta moja kwa sekunde ya mwendo unaoukatisha ghafla huongeza kama kilo 12 kwa sentimeta ya mraba. Maji yakienda meta moja na nusu kwa sekunde, pigo ni kilo 18. Bomba letu la kilo 20 sasa lina kilo 38, na lile tangi lako la mlimani halina habari.

Na ghafla maana yake nini? Ikiwa bomba lina kilometa tatu, mshindo huchukua kama sekunde tano kwenda na kurudi. Ukifunga valvu ndani ya sekunde hizo tano, umelipiga pigo kamili. Ndiyo maana fundi mzuri anazungusha gurudumu la valvu polepole, huku akisalimiana na wapita njia. Huo si uvivu. Ndiyo kazi yenyewe.

Sasa tutoke nje ya bomba. Palipochimbwa mtaro kwa nguvu za wananchi, swali la kina halikosi. Mzee mmoja kule milimani aliwahi kuniuliza, jembe likiwa begani: "Mwanangu, hili ni chuma. Kwa nini tulichimbie meta nzima kama kaburi? Nusu meta haitoshi?" Nikamwambia: "Mzee wangu, shikamoo, na swali lako ni la haki. Lakini bomba hili halikuogopi wewe na jembe lako. Linaogopa lori."

Gurudumu la lori lenye tani tano likisimama juu ya ardhi, mzigo wake unaenea chini kama unga unaomwagwa kutoka kwenye kikombe: kadiri unavyoshuka ndivyo unavyotawanyika. Mfaransa Boussinesq aliweka hesabu ya jambo hilo mwaka 1885. Kwa hesabu yake, ukiongeza kina mara tatu, mkazo wa gurudumu unapungua mara tisa. Bomba lililo sentimeta 30 chini ya barabara linapokea karibu mara tisa ya lile lililo sentimeta 90. Zamani barabara zetu za Mbinga zilipita malori ya kahawa msimu kwa msimu. Leo wilayani humo kuna makaa ya mawe ya Ngaka, na malori yake si wageni. Mtaro uliochimbwa nusu kwa ajili ya gari dogo la mwaka ule unakutana na lori kubwa la mwaka huu.

Udongo wenyewe pia una uzito. Meta moja ya udongo juu ya bomba pana kama lile la Ruvu ni zaidi ya tani tatu kwa kila meta ya urefu. Wamarekani wawili, Anson Marston na baadaye mwanafunzi wake Merlin Spangler, walilichunguza jambo hili kule Iowa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Spangler alionyesha jambo ambalo ningependa kila kamati ya maji ilijue. Bomba la chuma halibebi udongo kwa ubavu wake peke yake. Likikandamizwa juu, linabonyea kidogo na kutanuka mbavuni, na udongo wa mbavuni, kama umeshindiliwa, unalisukuma lirudi. Chukua debe tupu, ulilaze chini, ulikanyage: litabonyea. Lifukie kwenye mchanga ulioshindiliwa pande zote, kisha ukanyage juu ya mchanga. Debe ni lile lile, lakini sasa lina msaada.

Kwa hiyo kushindilia udongo pembeni mwa bomba ni sehemu ya ujenzi kama vile chuma chenyewe. Kadiri bomba lilivyo pana na jembamba ukuta wake, ndivyo linavyouhitaji msaada huo. Hata dogo linadai kitanda laini cha mchanga au udongo uliochambuliwa. Jiwe moja lililobaki chini ya bomba linakusanya mzigo mahali pamoja, linakwaruza rangi ya kinga, na kuanzisha kidonda. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Jambo la nne ni joto, nalo wengi hawalifikirii kabisa. Chuma hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa. Kikishikwa na udongo kisiweze kusinyaa, hasira yake inageuka mkazo: kama kilo 24 kwa sentimeta ya mraba kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tuseme mafundi wanaunga bomba saa saba mchana, chuma kimekaa juani kimefika nyuzi 45. Wanafukia. Kesho yanafunguliwa maji ya mlimani yenye nyuzi 18. Tofauti ni nyuzi 27. Sehemu za katikati, ambako udongo umelibana bomba barabara, zinavutwa kwa kama kilo 650 kwa kila sentimeta ya mraba. Linganisheni na zile 222 za msukumo wa maji. Katika bomba letu la sentimeta 10, huo ni mvuto wa karibu tani 10 kwenye kila kiungio, na kiungio cha kukereza ndicho mahali chuma kilipochongwa kikawa chembamba. Tiba yake haina gharama: kiungio cha mwisho kifungwe asubuhi au jioni, bomba likiwa limepoa, na lifukiwe upesi. Wajenzi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilometa 1,443, walilazimika kuiweka hesabu hii mbele kabisa, kwa sababu mafuta yale mazito hayatiririki yasipopashwa moto. Sisi wa maji baridi hesabu yetu ni ile ile, ila imegeuzwa.

Tano, kona. Maji hayapendi kukunja. Kwenye kona ya mraba, bomba letu la sentimeta 10 lenye kilo 20 linasukumwa kwenda nje kwa nguvu ya zaidi ya tani mbili, usiku na mchana, hata maji yakiwa yametulia. Kama viungio vimechomelewa, bomba lenyewe linaweza kujishikilia. Kama ni vya kuchomeka, pasipo zege la kuegemea nyuma ya kona kitachomoka. Mfuko wa saruji uliookolewa hapo hulipiwa kwa mabomba.

Sita, mteremko. Hapa Wamatengo hawahitaji kufundishwa na mtu. Kilimo chao cha ngoro, cha kulaza nyasi kwa mistari inayokatana, kuzifunika udongo na kuacha vishimo katikati, kimezuia milima isimomonyoke kwa vizazi vingi. Bomba nalo linataka ngoro yake. Mtaro unaoshuka mlima wima ni mfereji uliotengenezewa mvua. Masika yakija, maji yanaingia mtaroni, yanachukua udongo wote uliolishika bomba, na bomba linabaki likining'inia kwa uzito wake na wa maji yaliyomo. Kwa hiyo kila baada ya hatua kadhaa hujengwa kizuizi cha mawe au zege kukata mtaro, na bomba lifungwe kwenye nguzo za zege. Tusisahau pia kwamba tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 10 Machi 1989 ardhi ilitetemeka vikali Salima, ng'ambo ya ziwa kule Malawi, na Disemba 2009 ilikuwa zamu ya Karonga. Ardhi inayoteleza haiulizi bomba lilikuwa la mradi gani.

Saba, utupu. Ndiyo, bomba linaweza kufa kwa kukosa maji ndani yake! Likipasuka bondeni, maji yote yaliyo juu yanakimbilia chini na kuacha nyuma yake pengo. Kama hakuna valvu ya kuingiza hewa kule juu, hewa ya nje inalikandamiza bomba kwa karibu kilo moja kwa kila sentimeta ya mraba. Bomba dogo lenye ukuta mnene litacheka. Lakini bomba ambalo kipenyo chake ni mara 200 ya unene wa ukuta, likiwa wazi bila udongo, husinyaa kama mkebe. Basi yule anayeng'oa valvu ya hewa akauze chuma chakavu ameiba kifaa kidogo na kuua bomba zima.

Mwisho ni kutu. Kutu haiongezi mzigo hata kilo moja. Inapunguza mwili wa kuubeba. Ukuta ukibaki nusu, mkazo unakuwa mara mbili. Kule Australia ya Magharibi, mwaka 1903 walikamilisha bomba la chuma la zaidi ya kilometa 500 kupeleka maji kwenye machimbo ya dhahabu ya Kalgoorlie. Walilifukia. Chumvi ya ardhi ikalila, likavuja, na katika miaka ya 1930 ikabidi walifukue na kuliinua juu ya ardhi. Haya yaliwapata watu wenye fedha za dhahabu. Sisi wenye fedha za kahawa na za dagaa hatuna budi kulinda ile rangi na lami ya nje kuanzia siku bomba linaposhushwa garini. Bomba halitupwi chini kama gogo la kuni.

Ndugu wasikilizaji, kwa nini nimewachosha na hesabu hizi? Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji karibu na nyumbani, ndani ya meta 400, ifikapo mwaka 1991. Mwaka huo ulipita na wengi hawakuyaona. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni kwamba miradi ilijengwa ikafa, na tulikuwa tukizindua vipya huku tukizika vya zamani. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliwakabidhi wanakijiji umiliki wa miradi yao, na tangu mwaka 2019 ipo RUWASA, wakala wa maji vijijini, yenye wahandisi wa kuulizwa. Mwenye mali hana budi kujua mali yake inaumwa wapi.

Basi kabla mtaro haujafukiwa, kamati ya maji iulize maswali machache. Kimo kutoka tangi la juu mpaka bonde la chini ni meta ngapi, na bomba limeandikwa kilo ngapi? Pigo la maji limehesabiwa? Chini ya barabara kina ni kiasi gani? Mawe yametolewa, udongo wa mbavuni umeshindiliwa? Kiungio cha mwisho kilifungwa saa ngapi? Kona zina zege? Valvu za hewa ziko wapi, na nani anazilinda? Kisha lipimwe kwa msukumo uliozidi ule wa kila siku, viungio vikiwa bado vinaonekana, kabla ya hotuba na ngoma. Mhandisi mwema hatachukia maswali hayo. Atafurahi kwamba amepata wenzake.

Maana bomba likipasuka bondeni, mhandisi anarudi mjini, mgeni rasmi ameshasahau, na mwenye lori yuko njiani. Anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kijitoni ni mama na binti yake, na huyo binti saa mbili anatakiwa awe darasani. Nusu meta ya mtaro tuliyoihurumia migongo yetu, wao wataichimba kwa miguu yao kila siku.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.